Aketiye Nyuma

Mimi ni mwalimu wa shule, na umri wangu umepita miaka arobaini. Nalizaliwa Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho pwani baina ya Tanga na Pangani. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, na hapo ndipo nilipojifunza kuendesha ngalawa. Kusoma nalifundishwa na walimu wengi. Lakini ngalawa nalifundishwa na mtu mmoja tu, naye ni mjomba wangu, ndugu yake mama. Katika habari hii nataka kuwaeleza ninyi wanafunzi jinsi ndege za kufundishia marubani wa jeshi zilivyonikumbusha mjomba wangu yule, zikanionyesha kosa nililolifanya miaka mingi bila kulijua.

Asubuhi moja nalikuwa nje pamoja na darasa la sita, tukipima kimo cha mnazi kwa kutumia kivuli chake. Tukasikia ngurumo kutoka upande wa Tanga, na mara ndege ndogo ikapita juu ya maji, ikifuata pwani kuelekea kusini. Watoto wakaacha kamba na vijiti, wakaipungia mikono. Ndege kama hizo tumezizoea, maana hupita zikienda Pangani, Pemba na Unguja. Ilipokwisha kupotea machoni, msichana mmoja mpole, asiyependa kusema mbele za watu, akaniuliza: "Mwalimu, yule rubani siku alipokosea mara ya kwanza, nani alimwokoa? Maana mtu hujifunza kwa kukosea, na huko juu hakuna pa kuangukia pasipoua."

Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka. Nalitafuta jibu kichwani mwangu, nisilione. Basi nikamwambia, "Umeuliza neno kubwa. Nipe siku saba." Siku zile saba nalisoma kila nilichoweza kupata juu ya ndege na marubani, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, yafaa tujue ndege ile ni ya namna gani. Nyingi katika zile zipitazo kwetu ni aina ya Cessna Caravan. Mbele ina rafadha, ambayo watu wengi huiita panga boi. Mtu akiitazama atadhani kwamba mtambo wake ni kama wa gari, wenye pistoni zipandazo na kushuka. Sivyo. Ndani yake hewa huvutwa, ikashindiliwa kwa nguvu, ikachanganywa na mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, ikawashwa. Hewa ile ya moto hutoka kwa kasi kuu, ikazungusha magurudumu yenye mapanga madogo madogo, yaitwayo turbini. Nguvu ya magurudumu hayo ndiyo inayozungusha rafadha. Kwa hiyo ndege ya namna hii, iitwayo turbopropu, ni kama jeti iliyopewa rafadha.

Ninyi nyote mmewahi kusuka kidude cha makuti, mkakimbia nacho ufukoni hata upepo ukakizungusha. Hamkukizungusha kwa mkono; ni upepo uliokizungusha. Katika mtambo wa Caravan mambo ni hayo hayo. Liko gurudumu la kwanza, ambalo huzunguka zaidi ya mara 37,000 kwa dakika moja, na kazi yake ni kuendesha kishindilio cha hewa. Nyuma yake katika njia ya moshi liko gurudumu la pili, ambalo ndilo linaloendesha rafadha. Baina ya magurudumu hayo mawili hakuna mtaimbo wala mnyororo wa kuyafunga pamoja. Ni hewa ya moto tu itokayo kwa lile na kulisukuma hili. Kisha meno ya gia hupunguza mwendo, hata rafadha ikazunguka mara 1,900 tu kwa dakika, maana rafadha ikizunguka upesi mno haishiki hewa vizuri. Mtambo huo huitwa PT6, nao ulibuniwa nchini Kanada. Uliruka angani mara ya kwanza mwaka 1961, na hata leo ndugu zake wa ukoo huo wamo katika ndege za nchi nyingi.

Mmoja wa ndugu hao ndiye aliyenipeleka kwenye jibu nililokuwa nikilitafuta. Huko Brazil, kiwanda cha Embraer kilitengeneza ndege ndogo ya kufundishia marubani wa jeshi, ikaruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1980. Aliyeongoza kuibuni alikuwa Joseph Kovács, mhandisi aliyezaliwa Hungaria akahamia Brazil. Waliipa jina la Tucano, yaani ndege wa misituni mwao mwenye mdomo mkubwa, ambaye kwa sura afanana kidogo na hondohondo wetu wa Usambara. Ndani yake waliweka PT6 yenye nguvu za farasi 750.

Hapo kale wanafunzi wa urubani katika majeshi walijifunza katika ndege za pistoni. Baadaye mataifa yenye mali yakasema, "Kwa kuwa ndege zetu za vita ni jeti, na mwanafunzi ajifunze katika jeti tangu mwanzo." Uingereza ilifanya hivyo kwa ndege iitwayo Jet Provost. Lakini jeti hunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji, na mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda sana duniani. Watu wakaanza kuhesabu upya. Turbopropu yala mafuta machache kuliko jeti, nayo ina nguvu nyingi na uzito mdogo kuliko mtambo wa pistoni. Kwa hiyo Uswisi ikatengeneza Pilatus PC-7, Brazil ikatengeneza Tucano, na wengine wakafuata.

Mwaka 1985 Waingereza wenyewe waliichagua Tucano ishike mahali pa Jet Provost. Hawakuinunua kama ilivyo. Kiwanda cha Shorts, mjini Belfast, kiliibadili: kikatia mtambo mwingine wenye nguvu za farasi 1,100, rafadha ya mapanga manne badala ya matatu, na breki ya hewa chini ya tumbo. Ndege hizo zilifundisha marubani wa Uingereza zaidi ya miaka thelathini, hata zilipostaafishwa mwaka 2019. Nasi watu wa Afrika ya Mashariki hatukuwa mbali na jambo hilo, kwa kuwa jirani zetu wa Kenya waliagiza Tucano 12 kutoka Belfast kwa ajili ya jeshi lao la anga, zikaanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sasa twarudi kwenye swali la yule msichana: mwanafunzi akikosea, nani humwokoa?

Katika Jet Provost mwanafunzi na mwalimu waliketi bega kwa bega, kama dereva wa lori na utingo wake. Mwanafunzi aliweza kutupa jicho pembeni, akaona uso wa mwalimu umekunjamana au umetulia, akajua kama amekosea. Katika Tucano sivyo. Wameketi mmoja nyuma ya mwingine. Mwanafunzi yuko mbele, na mbele yake hana mtu, ila vipimo, kioo na mbingu. Mwalimu yuko nyuma, katika kiti kilichoinuliwa kidogo, ili apate kuona mbele kupita kichwa cha mwanafunzi. Ilifanywa hivyo kwa makusudi, kwa sababu rubani wa ndege ya vita mara nyingi huketi peke yake, na heri ajifunze upweke huo mapema, wakati bado hayuko peke yake kweli.

Vyombo vya kuongozea navyo viko viwili viwili. Fimbo ya kuongozea iko mbele, na nyingine iko nyuma. Kanyagio za miguu ziko mbele, na nyingine ziko nyuma. Zote zimeungana. Mwanafunzi akivuta fimbo yake, ile ya mwalimu nayo husogea, hata mwalimu asipoigusa. Lakini hapo pana hatari: kama wote wawili watashika kwa pamoja, kila mmoja akivuta kwake, ndege itamsikia nani? Na kama wote wawili wataacha, kila mmoja akidhani mwenziwe ameshika, itakuwaje? Kwa ajili hiyo marubani wana desturi isiyovunjwa. Mwalimu atakaye kushika husema kwa sauti, "Ndege ninayo mimi." Mwanafunzi huacha mara moja, akajibu, "Ndege unayo wewe." Na mwalimu akirudisha, husema tena, na mwanafunzi hujibu tena. Hakuna kunyang'anyana, wala hakuna kudhani.

Tena mwalimu hangoji kosa lije lenyewe. Ndege ikienda polepole mno huku pua imeinuliwa, mabawa hushindwa kuibeba. Na kama imeelemea upande, yaweza kuanguka huku ikizunguka kama jani kavu la mwembe. Jambo hilo limewaua marubani wengi tangu zamani. Basi mwalimu humpandisha mwanafunzi juu sana, mahali penye nafasi ya kutosha chini yao, akaiangusha ndege namna hiyo kusudi. Kisha mwanafunzi hupaswa kuiponya: hupunguza nguvu ya mtambo, hukanyaga kanyagio ya upande ulio kinyume na mzunguko, husukuma fimbo mbele, akangoja hata kuzunguka kukome, ndipo aiinue pua taratibu. Atafanya hivyo mara moja, mara mbili, mara kumi, hata mikono ijue yenyewe. Na kama yote yameshindikana, katika kila kiti imo baruti ya kukirusha nje pamoja na mtu wake, na mwavuli ukafunguka. Ndege hiyo imetengenezwa na watu waliojua tangu mwanzo kwamba mwanafunzi atakosea, wakamwekea nafasi ya kukosea.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nalikifunga kitabu nikatoka nje, maana nalimwona mjomba wangu mbele ya macho yangu.

Mjomba hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Lakini siku aliyoanza kunifundisha ngalawa, aliniketisha mbele yake kidogo nikashika ncha ya kana, na yeye akaketi nyuma kabisa, karibu na usukani wenyewe. Kafi lake alililaza magotini, mikono juu yake. Nami sikumwona uso. Nikipeleka ngalawa vibaya, tanga likapigapiga na wavulana wa ngalawa nyingine wakanicheka, mjomba alikaa kimya. Nikigeuka nyuma kumtazama, alisema neno moja tu: "Mbele." Aliniacha nitafute mwenyewe ni wapi upepo ulipo. Lakini siku moja tulipoukaribia mwamba, nami nimeduwaa nikitazama samaki warukao, nalihisi kana imekuwa nzito mkononi, na sauti yake ikasema nyuma yangu, "Sasa ni mimi." Nikaachia. Akaipitisha ngalawa kando ya mwamba bila haraka, na tulipofika maji marefu akasema, "Sasa ni wewe." Hakunigombeza. Jioni aliponiona nimeona haya, aliniambia, "Mwamba nalikwisha uona kabla yako. Nalikuwa nangoja nione kama utauona."

Huyo ndiye aliyenifundisha mimi. Sasa nisikilizeni jinsi mimi nilivyomfundisha mwingine.

Mjomba alipofariki, mimi nalikuwa mwalimu tayari, na dada yangu akaniletea mwanawe akasema, "Kaka, mchukue mtoto huyu baharini, asije akawa mtu wa pwani asiyejua pwani." Nalimchukua. Kila siku ya mapumziko tulikwenda pamoja. Nalimfundisha majina ya pepo, kaskazi na kusi; nalimfundisha kutia chambo, kufunga mafundo, kuteka maji chomboni. Lakini kana sikumpa. Alipoiomba nalisema, "Leo upepo ni mkali." Siku nyingine nalisema, "Leo tumechelewa." Siku nyingine nalisema, "Tazama tu, utajua." Miaka mitatu ilipita hivyo. Nikiulizwa, nalisema namhurumia mtoto wa watu. Lakini ukweli ni kwamba nalijipenda mwenyewe. Nalipenda kuonekana na watu walio pwani kwamba naingia bandarini vizuri, bila tanga kupigapiga.

Siku moja ya mwezi wa Julai, wakati wa kusi, tulikuwa tukirudi jioni. Mawimbi yalikuwa makubwa kuliko tulivyotazamia. Nilipokuwa nikipindua tanga, mguu wangu uliteleza, foromali ikanipiga begani na kichwani, nikaanguka ndani ya ngalawa. Sikuzimia, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na kila nilipojaribu kuinuka dunia ilizunguka. Nikapiga kelele, "Shika kana!" Mtoto akashika. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwenye nguvu na akili, naye alikuwa amenitazama miaka mitatu. Lakini macho ni macho, na mkono ni mkono. Hakujua kwamba kana husukumwa kushoto ili chombo kiende kulia. Katika woga wake aliisukuma upande alioutaka kwenda, na ngalawa ikageuka kuelekea mwambani. Nalimwambia, "Kinyume! Kinyume!" Akadhani namwambia aongeze. Tukapanda juu ya mwamba. Tengo la upande mmoja likavunjika, ngalawa ikajaa maji, nasi tukaning'inia penye mlingoti, mimi kwa mkono mmoja, hata wavuvi waliokuwa wakirudi na dau wakatuona na kutuchukua. Kama wangalipita robo saa mapema, leo nisingeandika habari hii.

Usiku ule, nimefungwa bega, mtoto alikuja akaketi mlangoni. Akasema, "Mjomba, niwie radhi kwa chombo."

Nikamwambia, "Ngalawa itatengenezwa, mwanangu."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema polepole, "Mjomba, mimi kana sijapata kuishika. Leo ilikuwa mara ya kwanza."

Hakusema kwa hasira wala kwa kunilaumu. Alikuwa akinieleza tu mambo yalivyokuwa. Nami sikupata usingizi hata alfajiri. Lakini hata hivyo, wanafunzi wangu, nalijidanganya kwa muda mrefu kwamba ile ilikuwa ajali ya bahari tu, na kwamba kosa lilikuwa la mguu ulioteleza. Ilinibidi nisome habari za viti viwili na fimbo mbili katika ndege ya nchi za mbali, ndipo nikakiri moyoni kwamba kosa lilikuwa langu, nalo lilianza miaka mitatu kabla ya siku ile.

Siku ya saba nalisimama mbele ya darasa la sita, nikawaeleza haya yote niliyowaeleza ninyi, pamoja na habari ya ngalawa. Yule msichana akasikiliza mpaka mwisho. Nalidhani ameridhika, lakini akainua mkono tena. "Mwalimu, hao marubani wa jeshi, wakihitimu, hufundishwa kutupa mabomu?"

Nikamwambia kweli, maana mtoto aulizaye kweli hapewi uongo. Naam, hufundishwa. Tena wakati mwingine ndege ya mafunzo yenyewe huchukua silaha. Zile Tucano za Kenya zilitengenezwa ziweze kuchukua silaha. Na kabla ya hapo, kati ya mwaka 1953 na 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza walitumia ndege za mafunzo za pistoni ziitwazo Harvard kutupa mabomu madogo katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na waliokuwa chini ya miti ile walikuwa watu. Wamarekani waliiita ndege hiyo Texan. Na turbopropu yao ya kufundishia marubani wa siku hizi imepewa jina hilo hilo, Texan II. Jina la kale limevikwa mtambo mpya.

Darasa likawa kimya. Kijana mmoja akasema, "Basi kosa ni la ndege?"

Msichana akamjibu kabla yangu: "Ndege haijui iendako. Anayejua ni aliyeshika."

Nami nikaongeza kwamba nchi yaweza kuhitaji walinzi, na kwamba rubani wa jeshi huweza pia kupeleka chakula na dawa mahali palipofurika maji. Lakini amfundishaye mtu mkono wake ufanye nini hana ruhusa ya kusema, "Mimi nalifundisha mkono tu, moyo haukuwa kazi yangu." Aketiye nyuma humfundisha aketiye mbele kuruka, na pia humfundisha wakati wa kutoruka. Nchi inayochagua vijana wake wa kupanda ndege hizo yapasa ichague kwa uangalifu zaidi wale watakaoketi nyuma yao.

Tangu siku ile nalibadili mwenendo wangu darasani. Zamani mtoto akikosea hesabu ubaoni, nalimnyang'anya chaki nikaandika mwenyewe, na darasa likasonga mbele upesi. Siku hizi nasimama nyuma ya darasa, mikono nyuma yangu. Mtoto akisita ubaoni, namwacha asite. Akigeuka kunitazama, namwambia, "Mbele." Nikiona amepotea kabisa na aibu imeanza kumla, ndipo nasema, "Sasa ni mimi," nikamwonyesha hatua moja, kisha nikamrudishia chaki. Kazi huenda polepole, nami siwezi kuficha kwamba hunichosha kuliko zamani. Kuzuia mkono wako ni kazi nzito kuliko kuutumia. Lakini watoto wangu sasa hukosea mbele ya macho yangu, mahali ambapo naweza kuwafikia, wala hawangoji kukosea siku nisipokuwapo.

Limebaki jambo moja. Katika mafunzo ya urubani iko siku ambayo kila mwanafunzi huikumbuka maisha yake yote. Mwalimu hujifungua mikanda, akatoka katika ndege, akamwambia mwanafunzi, "Nenda." Mwanafunzi hupaa peke yake, akazunguka uwanja, akarudi kutua. Mwalimu husimama chini akitazama. Hana fimbo mkononi wala kanyagio miguuni, na neno la "Ndege ninayo mimi" halimfai kitu. Yote aliyoweza kufanya amekwisha kuyafanya.

Siku hiyo nami nimeiona. Ngalawa tuliitengeneza, na mwaka mzima nalikaa nyuma ya mpwa wangu, kafi magotini. Mara nyingi tanga lilipigapiga, na watu wa pwani wakatucheka sote wawili, mtoto na mwalimu wake. Mara mbili tu nalisema, "Sasa ni mimi." Kisha alfajiri moja ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, tulipokwisha kuisukuma ngalawa majini, yeye akapanda, nami nikabaki nimesimama, maji yamenifika magotini.

Akaniuliza, "Mjomba, hupandi?"

Nikasema, "Leo sipandi."

Akanitazama kidogo, akaelewa. Akaketi, akashika kana, akaelekeza uso mbele. Tanga likajaa. Nikasimama pale mpaka weupe wa tanga ukawa mdogo kama unyoya, na mikono yangu haikuwa na kazi yoyote. Mwambani alipita kwa mbali, upande ulio salama, wala hakugeuka nyuma kunitazama.

Wahenga walisema, "Mcha mwana kulia hulia yeye." Nami nimejifunza kwamba amchaye mwana kukosea humwachia kosa lililo kubwa kuliko yote, alikute peke yake, siku ya mawimbi. Basi ninyi mtakaokuwa walimu, wazazi, manahodha au marubani, siku mtakayopewa mtu wa kumfundisha, ketini nyuma yake. Kaeni karibu, muwe macho, na kana mwachieni yeye.